Siku Tatu Kabla Sijapiga Chuma

Elisha mwanangu,

Mimi ni mzima, baba yako ni mzima, na mbuzi wa kukuaga alikuwa mzima mpaka saa nne asubuhi. Sasa hivi ananing'inia kwenye nguzo nyuma ya nyumba, na baba yako anawafokea wanaume wenzake ati hakuna hata mmoja anayejua kuchuna. Jikoni kwangu wanawake wamejaa hata sina pa kukanyaga. Nimewaambia kichwa kinaniuma, nikajifungia chumbani na kalamu yako ya zamani. Jioni ukirudi kutoka kwa shangazi yako Gilgil, nyumba itakuwa na watu mpaka mlangoni, na kesho gari moshi halitangoja mama amalize kusema. Barua hii naiweka katikati ya mashati yako. Usiisome hapa. Isome ukishaipita stesheni ya Gilgil, wakati huwezi kuteremka na kurudi mbio kuniuliza.

Sitakueleza namna ya kupika uji wala kufua kola. Hayo nilikufundisha, na kama umesahau utakula uji wa madonge kama wanaume wengine. Pasi yako ya kusafiri iko ndani ya Biblia ya baba yako. Basi, ya nyumbani yameisha.

Unajua mama yako si mtu wa kuandika kidogo. Nilifika darasa la nne tu, lakini lilikuwa darasa la nne la misheni ya siku zile, si mchezo. Mwalimu alikuwa analichukua daftari langu na kulipitisha kwa wavulana, akiwaambia, "Tazameni herufi zinavyosimama, ninyi mnaoandika kama kuku." Na akili yako hukuiokota njiani. Hapa lokesheni mtoto wa nani mwingine amechaguliwa na watu wa kupima ardhi? Vijana walipanga foleni mpaka barabarani, wakachukuliwa watatu, na wa kwanza wangu. Nimelisema hilo kisimani, kanisani, na kwa mwenye duka la mafuta ya taa, ambaye sasa akiniona anajifanya anahesabu vibiriti.

Lakini Elisha, kazi hiyo umepewa kwa habari ambayo si nzima. Mwenye habari hiyo ni mimi. Nikikuacha uende nayo hivyo, siku moja itakuua wewe, au itaua watu waliolala wakikutegemea. Ndiyo maana nimejifungia humu.

Ngoja niende polepole.

Huko kusini ya ziwa la Naivasha, chini ya vile vilima vinavyofuka, wamekujengea chumba cha mabati. Asubuhi na alasiri utashusha kipimajoto kwenye mashimo na kuandika kinachosema. Joto likipita alama nyekundu, utapandisha bendera, utapiga chuma kilichotundikwa kama kengele, na watu wa laini zote, zile safu za nyumba za wafanyakazi, watatoka kwenda uwanjani, bila mtu kurudi kuchukua sufuria. Mwezi mzima umetufanyisha mazoezi hayo hapa nyumbani. Wewe unapiga karai, mimi natoka mbio na unga mikononi, majirani wanauliza kama baba yako ananipiga.

Na ulituambia jinsi ulivyopata kazi. Karani alikuuliza, "Kijana, kwa nini tukuchukue wewe?" Nawe ukamjibu, "Mama yangu ndiye aliyepiga chuma kule Eburru." Ati yule mzungu wao mkubwa akaweka kalamu chini, akasema habari za mwanamke huyo amekwisha kuzisikia. Akakuandika palepale. Tena akasema, siku ya kuwafundisha watu wa laini, mama huyo aje mwenyewe asimame mbele ya wanawake awasimulie.

Ulipofika na habari hiyo nilipiga vigelegele, unakumbuka. Nilipomaliza vigelegele nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu mpaka maharagwe yakaungua jikoni.

Hadithi unaijua, nimekusimulia mara nyingi kuliko Baba Yetu. Mashimo ya mvuke yakanyamaza ghafla, ardhi ikanguruma, mama yako akakimbia kama swala mpaka kwenye kile kipande cha reli kilichotundikwa penye stoo, akakipiga mpaka viganja vikachubuka. Watu wakatoka. Nyumba tatu za laini ya juu zikaingia ndani ya tope la moto zikiwa tupu. Yote hayo ni kweli, Elisha. Nilikimbia, na nilikimbia vizuri, hakuna mwanaume aliyenipita siku ile. Lakini hadithi hiyo huwa naianza Alhamisi. Yenyewe ilianza Jumatatu.

Wewe ulikuwa na miaka sita, na baba yako alikuwa akifanya kazi mbali, basi nikukumbushe pale mahali. Lile shamba la Eburru ni la baridi, na mto hakuna. Maji ya laini yetu yalitoka ndani ya mvuke. Bomba refu lilikuwa limeshindiliwa penye shimo linalofuka, likateremshwa mteremkoni, tukalifunika kwa majani mabichi ili lipoe, na huku mwisho maji yakadondoka ndani ya pipa, tone kwa tone, usiku kucha. Mvuke huohuo ulipita chini ya sakafu ya banda la kukaushia maua ya pareto. Na watu, kwa kuogopa baridi, walijenga nyumba zao za laini ya juu palepale penye udongo wenye joto. Ilikuwa raha. Ulikuwa ukilala bila blanketi.

Bomba lilikuwa mikononi mwangu. Kulisafisha, kulifunika, kugawa maji, yote yangu. Madebe manane kila asubuhi! Bomba la laini ya chini lilitoa matano, na aliyelitunza alikuwa mwanaume.

Bwana mwenye shamba, yule tuliyemwita Bwana Pareto, alikuwa amesoma habari za milima ya moto ya nchi nyingine, akaweka sheria. Kila asubuhi mwenye bomba amwambie nyapara madebe mangapi yametoka. Yakipungua siku mbili mfululizo, chuma kipigwe, banda la pareto lifungwe, laini ya juu ihame mpaka ijulikane kuna nini. Sisi tulimcheka. Lakini ilikuwa sheria nzuri, sasa naona, maana haikutaka mtu awe na elimu. Ilitaka mtu aseme idadi tu.

Mwaka mmoja kabla, maji yalipungua nikasema. Nyapara wetu, mzee Kimutai, akapiga chuma. Banda likafungwa, watu wakahama na watoto na kuku, mvua ikanyesha, pareto yote ikaota ukungu. Siku ya pili Kimutai akaingiza fimbo ndani ya bomba, akavuta, akavuta, na mbele ya laini nzima akatoa kitambaa changu chekundu cha kupangusia. Nilikuwa nimekisahau ndani mwenyewe.

"Rahabu," akasema, amekiinua juu kama bendera, "mlima wa moto wenyewe ndio huu?"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Tangu siku hiyo nikawa Mama Kitambaa. Nikienda kugawa maji, wanawake wanapeperusha leso. Watoto wadogo wasiojua kusema vizuri walijua kusema Mama Kitambaa. Mimi, ambaye daftari lake lilipitishwa kwa wavulana.

Basi Jumatatu ile nikakuta madebe sita.

Niliingiza fimbo ndani ya bomba, sikupata kitu. Nikaingiza tena. Halafu nikatazama huku na huku, nikaenda kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya stoo, nikachota madebe mawili, nikamimina.

Kimutai akapita. "Ngapi, Rahabu?"

"Nane, mzee."

"Hakuna kitambaa leo?"

"Kitambaa umekivaa wewe shingoni, mzee." Tukacheka.

Jumanne yalitoka manne, na yalinuka kama yai bovu. Nikachota manne ya mvua, harufu ikapungua. "Ngapi?" "Nane." Hakutania siku hiyo, alikuwa na haraka. Nilimtazama akiandika nane kwa chaki, na nilifurahi, mwanangu. Nakuambia kweli, nilifurahi kwamba nimeweza.

Jumatano yalitoka mawili. Nilikuwa nimevaa viatu vya tairi, na bado nikasikia joto likipanda mpaka kwenye nyayo. Yale majani niliyofunika bomba jana yake yalikuwa yamekauka, ukiyashika yanavunjika. Fimbo niliingiza mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa naomba, Mungu wangu, nikute hata panya. Bomba lilikuwa safi. Hapo nilijua, Elisha. Nisikudanganye kwamba nilidhani tu. Nilijua.

Nikachota madebe sita.

Sasa hili linalofuata sijalisema kwa mtu miaka kumi na mitatu, wala kwa baba yako, wala kwa mchungaji.

Wewe ulikuwa na matubwitubwi. Na miaka hii yote unaamini kwamba nilikupeleka kwa shangazi yako kwa sababu ya matubwitubwi. Laini nzima ilikuwa nayo, kila nyumba mtoto mwenye mashavu kama maboga. Hakuna mtoto mwingine aliyepelekwa kwa shangazi. Nilikutoa kitandani, nikakufunga shuka, nikakuvuta mpaka kwenye lori la maziwa, kwa sababu nilijua ile ardhi uliyokuwa umelala juu yake inafanya nini. Wewe nilikutoa. Wengine niliwaambia nane.

Penye banda la pareto tulikutana na Tabitha. Wewe unamjua Tabitha wa leo, mwenye mkono mmoja uliokunjamana, anayetembea kwa kuchechemea. Wakati ule alikuwa rafiki yangu wa damu, na mkono wake ulisuka kiondo haraka kuliko wa mtu yeyote. Alikuwa amesimama mlangoni, amebeba trei ya maua.

"Mama Elisha, mbona unamkimbiza mtoto kama nyumba inaungua?"

Neno lilifika mpaka kwenye meno yangu. Nilifungua mdomo kabisa.

"Matubwitubwi," nikasema.

"Ala! Wangu anayo pia, na anakula kama nguruwe. Huyo wako ni mtoto wa gavana?"

Tukacheka wote wawili. Akaingia ndani na trei yake. Dereva wa lori akapiga honi.

Nilikufikisha Gilgil, nikarudi mchana uleule. Usiku sikulala, na kulipokucha nilikuta pipa halina hata tone. Kule juu penye shimo palikuwa kimya. Miaka yote mvuke ulikuwa unapumua, ukiuzoea huusikii, na siku hiyo nilisikia vile haupo. Halafu ardhi ikanguruma na mimi nikakimbia. Lakini sikuwa nimekifikia chuma. Wewe hilo hujawahi kulisikia kwangu. Sikuwa nimekifikia. Nilikuwa bado hatua nyingi nyuma, niliposikia sakafu ya banda la pareto ikipasuka, na Tabitha alikuwa ndani, maana huwa wanaanza kugeuza maua mapema. Nilipiga chuma huku namsikia.

Laini ya juu ilitoka. Mlipuko wa pili ukachukua zile nyumba tatu tupu, na hakuna aliyekufa. Kimutai akasimama juu ya gari la ng'ombe, akasema mbele ya wote, "Kuanzia leo, mtu akimwita Rahabu Mama Kitambaa atanijibu mimi." Watu wakapiga makofi. Bwana Pareto akanipa blanketi jipya. Na nililipokea, Elisha. Nililipokea kwa mikono miwili, Tabitha akiwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, anangojea lori la kumpeleka hospitali. Aliniita kwa jina. Nilijifanya nazungumza na Bwana.

Hayo ndiyo yaliyonipa sifa ninazozibeba mpaka leo. Na sifa hizo ndizo zilizokupatia kazi.

Pengine utasema, mama, ungenyamaza tu, nani angejua. Ningenyamaza, mwanangu. Kunyamaza nimekuzoea. Lakini wiki iliyopita ulikuwa umekaa kwenye kigoda na kile kipimajoto walichokupa cha mazoezi, unasoma maji ya sufuria na kuandika kwenye daftari. Ulikosea. Baba yako alikuwa anakuja na miwani yake kuangalia, nawe ukatia kidole mate, ukafuta, ukaandika nyingine bila kupima tena. Akasoma, akasema, "Safi kabisa." Ulitabasamu. Mimi nilikuwa mlangoni na ungo, na lile tabasamu nililijua. Ni la kwangu. Ni lile la Jumanne, Kimutai alipoandika nane.

Sura umechukua kwa baba yako, pole. Majivuno umechukua kwangu. Sikwambii uyatupe, mimi mwenyewe sijui yanatupwa wapi, na kwa kweli ndiyo yaliyokufikisha hapo. Nakwambia tu yanavyofanya kazi. Hayaji na kukuambia uwaue watu. Yanakuambia uchote madebe mawili, kwa leo tu, kesho mambo yatakaa sawa. Na huko uendako itakuja asubuhi ambayo umeshapiga chuma bure mara moja, watu wameshatoka na watoto kwenye mvua, wamekucheka, wamekupa jina, na kipimajoto kinasema tena kitu usichotaka kukiandika. Sijui utafanya nini. Mimi nilifanya hivi nilivyokuandikia.

Jumanne hii nilikwenda kwa Tabitha, ng'ambo ya reli. Nilimkuta anapukuchua maharagwe, amelibana karai kwa magoti.

"Umekuja kunialika mbuzi wa Elisha?"

"Nimekuja kukuambia jambo."

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alipukuchua tu, ganda moja, lingine, mpaka nikamaliza.

"Ile siku ya lori la maziwa," akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia matubwitubwi."

"Nikakuambia matubwitubwi."

"Unajua kinachoniuma? Ulinichekesha. Niliingia kazini nikicheka, na kesho yake nikaamka bado nacheka vile ulivyokuwa unakimbia."

Nikataka kupiga magoti. "Wacha, Rahabu," akasema. "Utaniharibia maharagwe." Akaokota ganda lingine. "Kijana anajua?"

"Bado."

"Basi mbuzi wako sili." Akavuta karai. "Mwambie. Halafu uje. Sijui nitakujibu nini, lakini uje."

Ndiyo maana leo wanawake jikoni wananiuliza Tabitha yuko wapi, nami nasema mguu unamsumbua. Huo nao ni uongo, nimeuhesabu, na nitaurudisha kesho gari moshi lako likishaondoka. Nitaanza kwa baba yako, kisha nitavuka reli.

Sasa barua hii ni yako. Ukitaka, mpe yule mzungu aisomewe. Akikufukuza, rudi nyumbani mchana, upite katikati ya lokesheni, na mimi nitakuja stesheni kukupokea na watu watutazame. Ukitaka kuificha, ifiche, lakini utakuwa umechota debe la kwanza, na utajua ladha yake.

Na hiyo siku ya kuwafundisha watu wa laini, wakinitaka bado, nitakuja. Nitavaa lile gauni la bluu, nitasimama mbele ya wanawake, nitawaambia kuanzia Jumatatu. Wewe utakuwa umesimama pembeni na bendera yako. Najua aibu itakushika, nami itanishika. Ukiona huwezi kunitazama, tazama chini, sitakulaumu.

Baba yako anagonga mlango, ati nyama imeiva na mwenye sherehe ameonekana anateremka barabarani. Nasikia wanawake wameanza kuimba. Lazima nifute uso nitoke.

Wakikuuliza huko kama ni kweli mama yako alipiga chuma, usiseme hapana. Sema alipiga, tena alipiga kwa nguvu kuliko mwanaume yeyote wa shamba lile, na alikuwa amechelewa siku tatu.

Mama yako,
Rahabu